Siye Huyu

Naitwa Enebish. Maana yake: Siye Huyu.
Mama alinipa jina hilo baada ya kuzika wawili,
ili mauti yakisukuma mlango wa hema letu
na kuuliza mtoto ni yupi,
yajibiwe, siye huyu,
yaende zake.
Yalikwenda. Nina miaka sitini na mitatu
na kila niitwapo naitika kwamba mimi si mimi.

Badamtsetseg alikuja mwezi wa tatu,
pikipiki yake imefungwa blanketi kama farasi mgonjwa.
Hakutaja hospitali. Alikunywa chai ya maziwa na chumvi,
akauliza habari za mbuzi, za baridi, za nyasi zilizobaki,
kisha akamfunga binti yangu mkononi kile kitambaa cha kupimia,
akakijaza upepo, akasikiliza, akafungua, akafunga tena.
Mara ya tatu aliandika namba kiganjani mwake
na hakunionyesha.

"Tsendmaa aondoke kesho.
Pale makao ya wilaya ipo nyumba ya kungojea,
vitanda vinne, jiko la makaa,
na daktari yuko ng'ambo ya ua."

Kesho! Na mbuzi mia mbili na kumi ndio wanaanza kuzaa!
Nikamwambia: mimi nimezaa juu ya sufu hii hii,
nimeshika kamba hii hii inayoning'inia paani,
mkunga wangu mume wangu na kisu cha nyama.
Kilichochemshwa, nikaongeza. Kilichemshwa.

"Umezaa wangapi, mama?"
"Sita."
Akatazama picha zilizopangwa juu ya sanduku jekundu.
Alizitazama kwa adabu, moja moja,
kama mtu anayehesabu mifugo ya jirani
na hataki jirani ajue.
Zilikuwa tatu.
Nikamwongezea chai.

Wapo wasemao kuzaa si kazi, kazi kulea.
Nadhani walikuwa wanaume, na walikuwa wameshiba.

Alfajiri, gari la Kirusi liliwaka baada ya kubembelezwa sana.
Nilirusha maziwa kwa upawa nyuma ya magurudumu, kumwombea njia njema;
yaliganda kabla ya kugusa ardhi.
Tsendmaa akatoa kichwa dirishani, na tumbo lake lile,
akapiga kelele: "Yule wa pembe iliyovunjika
atamkataa mwanawe! Mwimbie!"

Nilimwimbia. Tsoig, tsoig, tsoig,
nimepiga magoti kwenye samadi, usiku wa kwanza, wa pili, wa tano,
nikimsukumia mtoto kwenye chuchu,
naye ananipa mgongo kama mke aliyenuniwa.

Simu hushika kilimani tu, penye rundo la mawe.
Siku ya kumi na mbili nilisikia sauti ya Badamtsetseg:
damu ilimtoka nyingi, baada ya kondo la nyuma.
Sindano ilikuwepo, alisema.
Ilikuwa kwenye friji, friji ilikuwa na umeme,
na anayejua kuichoma alikuwa macho.
Nilingoja neno kubwa kuliko hayo.
Hakuwa nalo.

Halafu binti yangu, sauti nyembamba kama uzi:
"Msichana. Kilo mbili na gramu mia tisa."
"Mwite Nergui," nilisema haraka. Hana Jina.
Mdomo ulisema wenyewe, mdomo wa mama yangu.
Upepo ukaingia kwenye simu, ukakaa.
"Hapana, mama. Anaitwa Uyanga."

Bondeni yule wa pembe iliyovunjika alikuwa amesimama tuli,
mwanawe chini yake, mkia unatikisika.
Nikalitamka lile jina polepole, kwa woga,
kama anayekanyaga barafu ya mto mwezi wa nne.
Ikabeba.
Basi nikapaza sauti, amsikie yeyote apitaye na kuuliza:
Uyanga!
Ndiye.

Kisha nikashuka, mimi na magoti yangu,
maana mbuzi mwingine alikwisha kulala ubavu.