Inamisha Kichwa

Darubini ya kwanza niliiunda kwa lenzi ya miwani ya marehemu mkwe wangu,
nikaibandika mdomoni mwa bomba la plastiki,
nikailenga Zuhura.
Akaja amejitanda kanga, pindo la zambarau, pindo jekundu.
Nuru haikunjiki sawa ndani ya lenzi:
buluu hukata kona mapema, nyekundu hupitiliza,
na jicho linabaki mlangoni halijui limpokee nani.

Nikaacha lenzi, nikashika kioo.
Kioo hakibagui, kila rangi hurudi palepale.
Ila kina masharti yake.
Miezi miwili nililizunguka pipa uani,
kigae juu, kigae chini, unga na maji katikati,
krr, krr,
hata Riziki akasema, "Umeoa jiwe la kusagia."

Bonde la mviringo halitoshi.
Miale ya ukingoni hukutana mapema, ya katikati mbele zaidi,
na sayari huvimba kama chapati iliyolowa.
Lazima uchimbe kati, kidogo tu,
kidogo kuliko masizi ya siku moja kwenye chungu.
Nilipima usiku kwa taa na wembe:
wembe ukikata nuru, kivuli hupita usoni mwa kioo
na vilima hujitokeza
ambavyo kidole hakitavijua kamwe.

Jumatano umeme ulikatika Wete nzima. Sikulalamika.
Nikasubiri mabati ya jirani yapoe,
maana yakiwa na joto Zohali huchemka kama uji.
Kisha nikachagua nyota moja.
Haikuwa nukta.
Ilikuwa punje ya mchele, imelala mshazari.

Nikalaumu kioo. Nikalaumu skrubu tatu za nyuma,
nikalaumu na mikono yangu.
Nilikwisha kuinua ndoo ya unga, nianze upya,
Shaame, mwanangu wa kidato cha pili, akasema:
"Baba, zungusha lenzi ya jicho."
Punje haikugeuka.
"Geuza kioo kwenye kitako chake."
Haikugeuka.
"Basi inamisha kichwa."

Ikageuka.

Miaka kumi na tisa nauza miwani mjini hapa,
nimewapima mahakimu na makuli,
nimewaambia, soma mstari wa chini, usiogope.
Asubuhi nikakaa kwenye kiti cha wateja,
Riziki kasimama na ubao.
Mstari wa nne nilibahatisha.

"Hiyo si H," akasema. "Rudia."