Zizi Chini ya Meza

Sufu niliichuma kwenye seng'enge, barabara ya Ballina,
ile wanayoiacha kondoo wakijipenyeza,
ikinuka mvua na samadi. Kila mtoto tonge moja:
finyanga kondoo wako, nikasema, tufike ishirini na saba,
mia hatuna.

Fiachra alikuwa chini ya meza, kando ya hita,
vizibo masikioni kwa sababu taa zetu hulia.
Mimi sizisikii. Yeye zinamkereza hadi kwenye meno.
Hasemi. Ana kadi za picha kwenye pete:
maji, choo, basi, nyumbani.
Kadi ya Mungu haipo. Mara tatu nimeichora, nikaifuta.

Mwaka jana ningemvuta mkono. Nakiri.
Niliamini kumjumuisha mtoto ni kumpa kiti:
ukishamkalisha kwenye duara, kazi imekwisha.
Tukamkalisha na kilio chake,
tukaimba juu yake.

Siku hiyo nilizima taa, nikasimulia polepole,
mwanga wa mvua ukitutosha.
Mchungaji aliwaacha tisini na tisa. Akapanda, akashuka.
Aliyepotea nilimtupa sakafuni;
akabingirika hadi kwa Fiachra.
"Nani atamrudisha?"
Mikono ikachomoza kama majani ya vitunguu.
Orlaith nusura aanguke kitini.

Mkono mmoja ulitoka chini ya meza.
Haukuomba ruhusa. Ukachukua kondoo wa zizini,
ukamlaza jirani ya yule aliyepotea.
Kisha wa pili. Kisha wa kumi.
Darasa kimya, hata Cathal, ambaye hanyamazi hata msibani.
Zizi zima likahamia gizani
hadi ua wa vijiti ukabaki mtupu juu ya meza.

Orlaith akanong'ona: "Mwalimu, amekosea."
Nikafungua mdomo.
Miaka ishirini na miwili nimefundisha somo hili.
Nikaufunga.

Tukashuka mmoja mmoja, kwa magoti,
mimi na goti langu bovu mwisho kabisa.
Kulikuwa na vumbi, kalamu ya mwaka juzi, joto la hita.
Hakumtazama mtu. Alisogea kidogo tu,
kama aliyewahi benchi kanisani anavyokupisha.

Fomu ya jimbo inauliza: Je, watoto wote walishirikishwa?
Niliandika ndiyo, nikaikata.
Nikaandika: Alitushirikisha.