Siku Nne Ikombe

Barabara inafika Matema, kisha inaona haya.
Kutoka hapo ni miguu, au mtumbwi wa Ambakisye,
ambaye hakuniuliza ninakotoka,
aliuliza tu kama naweza kukaa katikati bila kutikisika.
Nikasema ndiyo.
Mimi ni mtu wa hesabu za mishahara, Mbeya, ghorofa ya pili.
Natikisika kuanzia saa mbili asubuhi.

Mlima hapa hauachi nafasi.
Umeshuka toka mawinguni ukaingia ziwani na viatu vyake,
kijiji kikabaki kwenye pindo la suruali:
nyumba, mihogo, kanisa la bati, nyumba,
na mchanga usiotosha kugeuza gari,
kama gari lingefika.

Siku ya kwanza nilitafuta mtandao, mkono juu
kama mtoto anayeomba kwenda chooni.
Upo, wakasema, juu ya jiwe lile, ukielekea Malawi.
Nikaelekea Malawi.
Simu ikalia: ng'ambo wananikaribisha nchini kwao,
wananitakia safari njema.
Nikashuka jiweni taratibu, mgeni wa nchi mbili.

Tupokigwe hufinyanga amepiga magoti,
mkono mmoja ndani ya chungu, mmoja nje,
kama anayemshika mtu uso
kabla ya kumwambia jambo.
Hasemi.
Mchana alinipakulia kwenye sahani ya maua;
yeye akala usipa kwenye gae jeusi.
Nikaitaja ile methali. Akacheka, mdomo umejaa:
"Gae limeshavunjika. Naliogopea nini?"

Siku ya tatu niliona moshi ukisimama juu ya maji,
mnene, mrefu kuliko mlima.
Nikapiga kelele: chombo kinaungua!
Watoto wakaanguka mchangani kwa kicheko.
Kungu, shangazi. Vidudu.
Upepo ukivileta tutavinasa kwa vikapu, tutavikaanga, utakula.
Upepo haukuvileta.
Jioni nzima nilikaa nikiungoja,
mimi niliyezoea kungoja mwisho wa mwezi peke yake.

Usiku mawimbi yalihesabu, yakapotea, yakaanza upya.
Kazi yangu hiyo, nikawaza, ila yenyewe hayafokewi.
Nikalala hadi jua likanikuta na viatu.

Jumamosi vyungu vilipakiwa kwenye majani makavu
kwenda mnadani Lyulilo, nami katikati yao,
na Ambakisye akarudia: usitikisike.
Safari hii sikutikisika. Au vyungu vilinishika.

"Gonga," akasema Tupokigwe.
Nikagonga kimoja, kikaimba.
Nikagonga cha pili, kikakohoa
kama baba, miaka ile, akijua tupo macho.
Nikachagua cha kikohozi.
Alinitazama kidogo,
akarudisha nusu ya hela kwenye kiganja changu, akakifunga.

Sasa ni Julai, Uyole, baridi ya kuuma meno.
Chungu kipo kwenye korido, juu ya sahani,
na kinavuja. Polepole, bila haraka ya mtu.
Kila asubuhi kabla ya kazi nakuta ziwa
la kutosha kulowesha vidole viwili.
Jirani kaniambia: chemsha uji humo, mzito, utaziba.
Unga ninao.
Kuni ninazo.
Sijachemsha.