Dirisha Namba Tatu, Mafinga

Walifika kabla sijafungua kufuli,
ukungu ungali umeilalia mipaini,
makoti yao yakinuka moshi na mvua ya jana.
Hakuna aliyewaambia wapange mstari.
Walijipanga wenyewe, mrefu kulia, mfupi kushoto,
na yule wa mguu mmoja akaegemea ukuta
akiomba radhi kwa kuharibu safu.

Mimi nilizaliwa vita vimeshakuwa somo la darasani.
Kazi yangu ni picha, kidole, sahihi,
kisha naita: mwingine.

Mzee Benitho Kihwele, wa kule Kibao,
akaweka kidole gumba juu ya kioo. Mashine ikakataa.
Tukajaribu cha shahada, cha kati,
tukahamia mkono wa kushoto.
Mashine ikasema hakuna mtu.
"Miaka thelathini ya kuchuma chai," akasema,
"jani limekula mistari yote.
Hata mama watoto analalamika namkwaruza."
Safu ikacheka. Nikampa pamba yenye spiriti.
Akajifuta taratibu, kama anayesafisha kitu cha mtu mwingine.

"Namba ya jeshi?"

Hapo mgongo ukanyooka.
Visigino vikagongana ndani ya mabuti ya mpira,
akazitema tarakimu moja moja
kwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na mbili
aliyekuwa amejibanza ndani ya koti muda wote ule.
Bintiye akaninong'oneza:
wajukuu wanne tu, na majina anayachanganya.

Nikaandika. Nikasema, mwingine.
Hakuondoka.
"Andika na ya pili."
Akaanza tarakimu nyingine, nazo hazikukwama popote.

Ya nani hii, mzee?

"Ya Anyelwisye Mwakajila, wa Kandete, Rungwe.
Usiku ule kabla ya kuvuka Kagera tulipeana:
wewe shika yangu, mimi nashika yako,
atakayerudi asirudi na moja."

Nikatazama skrini.
Kuna nafasi ya kundi la damu, kuna nafasi ya ndugu wa karibu.
Nikamweleza kanuni, kwa sababu kanuni ndiyo niliyokuwa nayo:
mwenye kitambulisho lazima aje mwenyewe,
apigwe picha, masikio yote mawili yaonekane.

Akacheka peke yake. Safari hii safu ilinyamaza.
"Basi mwite wewe.
Mimi nimemwita miaka arobaini na ushei.
Labda akisikia ni serikali, atakuja."

Kadi zilichukua miezi saba, zikaja ndani ya boksi la biskuti.
Yake aliitazama sana.
"Huyu mzee ni nani?" akauliza, halafu akatia sahihi.

Habari zake nazipata kwa bintiye, sokoni, kwenye viazi.
Dirisha la dawa waliigeuza na kuigeuza
kama noti ya nchi jirani, wakamwambia asubiri pale.
Akasubiri pale.
Siku nyingine muuguzi mmoja aliisoma hadi mwisho,
akainuka, akampisha mbele,
naye akarudi nyumbani amenuna: wagonjwa wengine walimtazama.
Kilabuni imemkopesha lita moja ya ulanzi, mara moja tu.

Mwezi wa nne akaja tena, kuhakikiwa.
Akaipitisha chini ya kioo cha dirisha langu.
Nikaigeuza.
Nyuma, chini ya maneno
*ikiokotwa irudishwe kituo cha polisi kilicho karibu*,
amekwaruza kwa ncha ya sindano
zile tarakimu za pili, zote, zimenyooka kama safu.

Kuharibu kitambulisho ni kosa.
Najua kifungu, najua na faini yake,
nimewasomea watu mia tatu kwa sauti.
Nyuma yake mtu akakohoa. Mvua ikaanza juu ya bati.

Nikamrudishia kadi, kwa mikono miwili.
Nikasema, mwingine,
na Mzee Kihwele akageuka haraka kutazama mlangoni.