Ndoo ya Rangi Nyeupe

Nilihamishwa mimi, na faili zangu, na mwasumini mmoja.
Faili zilipanda lori la wizara.
Mwasumini niliupakata mwenyewe, Muheza hadi Dodoma,
ndani ya ndoo ya rangi ya lita kumi
niliyoitoboa tako kwa msumari wa moto.
Ubavuni bado pameandikwa: NYEUPE, YA NJE.

Huo ulikufa. Huu ni wa pili.
Wa kwanza niliuua hapa Ipagala, mwezi wa saba,
kwa mapenzi na kopo la maji.
Asubuhi kopo, jioni kopo,
upepo ukipuliza vumbi hadi kwenye unga,
midomo yangu imepasuka,
nami nikidhani kiu yangu ndiyo kiu yake.
Majani yakageuka manjano. Nikaongeza maji.
Siku nilipoung'oa, mizizi ilikuwa laini, nyeusi,
inanuka kama kitambaa cha vyombo
kilichosahauliwa chini ya karai.

Mama hupiga simu kila Jumapili.
Hasemi hujambo.
Husema: "Hujauua?"
Nikamjibu hapana.
Wiki hiyo hiyo akatuma kipande kingine kwa konda wa basi,
kimeviringwa gazeti bichi,
na hakuniambia ni cha nini.

Sechelela, jirani yangu, mzaliwa wa Mvumi,
ana mchaichai kwenye debe, mrehani kwenye sufuria iliyotoboka,
na kitu chenye miiba asichokijua jina
kwenye beseni alilofulia nguo za watoto wanne.
Alinikuta na kopo mkononi.
"Mbona unamnywesha asiyeumwa?
Huo umelala tu.
Wewe ukilala, mimi nakuja kukumwagia maji?
Kwetu miti ya porini hukaa uchi miezi sita
na sijaona mtu aliyekwenda kuililia."

Kesho yake akaja na mkasi wa kupogolea zabibu,
wa shemeji yake wa Hombolo.
Kacha, kacha.
Mwasumini wa mama yangu ukabaki shubiri mbili.
Niligeuka nikatazama ukuta.

Basi mwaka huu, kipupwe kilipobisha,
niliuingiza ndani.
Nikauweka ukumbini, kati ya mtungi wa gesi na raba zangu,
mbali na mlango maana upepo hupita chini yake,
nikaivisha ndoo gunia la alizeti
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Kikombe kimoja cha kahawa,
Jumamosi moja ndiyo, Jumamosi moja hapana.
Mgeni akiingia huuliza:
"Kuni hizi umezipanda?"

Maji ya bomba huja Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane.
Huamka, hukinga, hujaza pipa na madumu,
hupita pale ukumbini na ndoo imejaa pomoni,
inanimwagikia miguuni,
na sisimami.
Hilo ndilo lililonishinda kujifunza.
Si kumwagilia. Kupita.

Agosti, hakuna kitu.
Septemba, jani moja lililokuwa limebaki likaanguka
juu ya raba ya kushoto.
Sikulifagia.
Oktoba joto likarudi, mbu wakarudi,
nikautoa kibarazani, jua la asubuhi tu,
lile lisilo na hasira.

Jana, Jumapili, kabla ya wingu lolote la kuaminika,
niliukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba,
taratibu, kama anayefungua barua isiyo yake.
Gome la kahawia, kavu.
Chini yake kijani.
Chembamba, unyuzi wa sindano,
lakini kijani, na unyevu ukabaki kwenye ukucha.

Simu ikalia.
"Hujauua?"

Subiri, mama.
Namimina maji.