Ritifaa

Darasa la saba, mji wa Butte, Montana.
Machi, na theluji ya uani imeshakuwa nyeusi kama masizi.
Bi Haverstock anasahihisha kwa kalamu ya kijani,
maana nyekundu, asema, huwatia watoto homa.

Insha ya Corwin ni kurasa mbili na sentensi moja.
Moja tu. Imeanza kwa herufi kubwa
ikashuka mlima bila breki:
na tukaenda na mbwa akatapika garini na mama akacheka na baba akapotea njia na
na
na
hadi mstari wa mwisho, pasipo nukta,
kama mtu aliyetoka akaacha mlango wazi.

"Isome," anamwambia. "Kwa sauti. Nitafuata pumzi zako."

Anasoma. Panapomkwama kidogo, mwalimu anatia mkato;
anapomeza mate, nukta.
Baada ya mbwa kutapika, nukta.
Baada ya mama kucheka, Corwin ananyamaza kitambo kirefu
na kalamu inaning'inia hewani, haijui itue vipi.

Kisha wanafika penye nyumba.

Kiingereza hakijui kusema cha, la, ya, wa
kumfungia mtu mali yake.
Kina alama ndogo, imeelea juu ya mstari
mithili ya ukucha uliokatwa,
ileile tuliyomvika sisi ng'ombe ili alie sawasawa.
Ikikaa kabla ya s, mwenye mali ni mmoja.
Ikikaa nyuma yake, ni wawili, au ukoo mzima.

Corwin ameiweka nyuma. Nyumba ya wazazi.
Sahihi. Bi Haverstock anatia vema, anafunua ukurasa.

"Mwalimu, na kama mmoja amehama?"
"Amehama?"
"Tangu Januari. Yuko Spokane. Nyumba ni ileile.
Niivute alama mbele?"

Nje makabati ya chuma yanabamizwa, ni saa ya chakula.
Kitabu cha sarufi kina kurasa mia tatu na kumi.
Mna kiima na kiarifu,
mna kitenzi na namna ya kumtii mtendaji wake,
mna onyo kali juu ya wanaopanga alama za mshangao
tatutatu, kama vifaranga.
Ukurasa wa Januari hamna.

Anavua miwani.
"Safari yenu ilikuwa lini?"
"Agosti."
"Agosti walikuwa wawili?"
"Wawili."
"Basi iache ilipo."

Akaiacha. Akachukua penseli
akaweka mwenyewe nukta ya mwisho,
akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka
na doa likabaki juu ya meza.

Ijumaa alileta insha nyingine:
nukta kumi na tisa, mikato mahali pake, hata nukta mkato moja
aliyoitia kwa majaribio tu.
Ilihusu mbwa.
Mbwa wa nani, hakuandika.