Daftari la Lami

Tarehe nne Mei, saa tisa usiku, Kitangari haina umeme.
Lami amezaa nyuma ya ghala la chama,
juu ya magunia ya msimu uliopita.
Namulika kwa simu, nahesabu kwa kidole:
weusi watano. Wa kahawia mmoja. Wa njano watatu.
Narudia.
Tisa.

Lami ni mweusi. Dizeli ni mweusi.
Labrado wawili wa mhandisi wa gesi
aliyefunga nyumba yake ya Shangani, kule Mtwara mjini,
akaniachia minyororo, bakuli, na cheti cha ukoo:
babu mweusi, bibi mweusi, mababu zao weusi,
karatasi nzima masizi matupu.

Asubuhi katibu Chilindima akachungulia toka mlangoni,
kanzu kaikunja magotini, maana ana udhu.
"Nandonde, ulilala. Koko wa sokoni karuka ukuta."
"Nilikesha."
"Basi hao wa njano wameletwa na mvua?"
"Ngojea pua," nikamwambia.

Maana wa njano huzaliwa na pua nyekundu kama ufizi,
pua ambayo haijaamua.

Wiki ya nne zikaanza kuamua.
Nikamwita katibu, tukakaa juu ya mizani ya magunia,
nikamwaga kunde kiganjani, nyeusi na za kahawia.
Kila mbwa ana jozi, nikasema,
punje moja ya babaye, punje moja ya mamaye.
Nyeusi ina sauti. Ya kahawia hunong'ona.
Zikikaa pamoja utasikia nyeusi peke yake,
lakini mwenzake hajafa:
yupo kama mwanachama wa kilo kumi na mbili
kwenye mkutano mkuu; hasemi,
ila jina lake limo kwenye orodha.

"Na wa njano?"
Wa njano wana jozi nyingine, nikasema,
jozi ya bawabu, mtu wa kazi yangu.
Yeye ndiye hufungua lango weusi upite kwenye manyoya.
Asipokuwapo kwa baba wala kwa mama, lango halifunguki.
Pua ina mlango wake.

Tukawageuza mmoja mmoja.
Wawili wa njano, pua nyeusi tii.
Wa tatu, yule mdogo anayesukumwa kwenye chuchu,
pua rangi ya ganda la korosho.
Minong'ono yote imekutana kwake.
Hesabu inampa nafasi moja katika kumi na sita,
lakini hesabu haina kalenda:
angeweza kuja wa kwanza, angeweza asije kamwe.

Katibu akazikusanya zile kunde, akazitia mfukoni.
Akanunua weusi wawili.

Sikumwambia habari za mama.
Mwaka themanini na moja, huko Mkoma,
alimzaa mdogo wangu Hashil,
nywele kama ndevu za hindi, macho yakilikwepa jua.
Mkunga alisema kitanda hakizai haramu.
Baba alihesabu miezi kwa vidole, akahesabu tena,
akakunja mkeka, akaenda Masasi
kuuza baiskeli, ndivyo alivyoaga.
Mama aliapa mpaka sauti ikakauka.
Hakuna aliyekuwa na kunde za kumwonyesha
kwamba mnong'ono mmoja hautoshi,
kwamba mtoto wa namna ile
hudai punje kwa mama na punje kwa baba,
kwamba kati yetu wanne
mimi, mweusi kama yeye, ningeweza kuwa wa yeyote,
na Hashil ndiye aliyembeba baba waziwazi, kichwani, mchana kweupe.

Watoto wanane wameuzwa.
Mdogo kabaki, hakuna anayetaka pua ile;
wanasema ni ya mgonjwa.
Amelala juu ya kiatu changu naandika:

Namba tisa. Dume. Njano, pua ya ganda la korosho.
Mama: Lami.
Baba: Dizeli.

Nikapigia mstari neno baba,
kalamu ikatoboa karatasi.